Tatu, Kisha Kimya

Shuleni, Bweni la Pili
6 Agosti

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha mafua. Mwambie Bibi blanketi limefika na halina tundu hata moja, kwa hiyo panya wa lori la dereva wetu nao wana adabu.

Nina jambo kubwa. Unajua kwamba darasani huwa sinyooshi mkono hata ninapolijua jibu. Sasa Jumanne, Sista wa muziki aliuliza nani ana wimbo wa matoleo wa kuimba siku ya wazazi, usiwe ule wa kila mara. Wasichana sitini wakatazama madaftari. Nikaona mkono umenyooka, Babu, na ulikuwa wangu. Nikasema, "Kwetu mlimani kuna 'Twapanda'." Sista akasema, haya, imba. Niliimba huku natazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, msichana ninayekaa naye dawati moja alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa sweta. Yeye tunamwita Jirani, kwao ni ng'ambo ya mto. Akasema, "Wewe, wimbo kama huo umeuficha wapi mwaka mzima?"

Kwa hiyo mimi ndiye nitakayewafundisha. Mimi! Naomba uniandikie noti za sauti zote nne, na mdundo wa ngoma. Sista anataka pia kuandika kwenye karatasi ya Misa wimbo umetoka wapi. Nimemwambia Babu yangu ni fundi cherehani, na ni mwalimu wa kwaya ya parokia tangu kabla mama yangu hajazaliwa, kwa hiyo atajua.

Mjukuu wako,
Karani


Dukani kwangu
14 Agosti

Kwa Karani, mchumba wangu,

Marahaba. Bibi yako anasoma hii juu ya bega langu, anasema kama wewe ni mchumba basi uje upike.

Barua yako nimeisomea wateja watatu na mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya cherehani wageni wakiingia, akiandika majina yao ukutani kwa chaki yangu ya kukatia, leo anafundisha watu sitini! Jina la Karani nililokupa siku ile sikukosea.

Noti nimeandika nyuma ya karatasi ya kukatia, ndiyo maana upande wa pili una mkono wa kanzu ya Paroko. Usiukate.

Mdundo ni huu: piga tatu, kisha kimya. Kimya kina urefu wa pigo moja kamili, halafu ndipo pembe inaingia. Wapigaji wa siku hizi hawawezi kimya, mikono inawawasha. Waambie wasichana wako kwamba bila kimya hicho si wimbo wetu tena, ni kelele za harusi.

Kuhusu asili, mwambie Sista babu zetu waliuimba wakipanda mlima na mavuno. Padre wa kwanza alipousikia akauliza ni nini, akaambiwa hivyo, akasema wimbo huu ni sala tayari, umekosa ubatizo tu. Akaweka maneno ya kanisa, akaacha sauti kama ilivyo. Beti za zamani zimesahaulika, wala si kitu.

Dayosisi nzima haina wimbo wa matoleo unaofikia wetu. Nimemwona Askofu mwenyewe akinyanyua visigino. Sisi watu wa mlimani tuna makosa yetu, tunakunja nyuso hata tukifurahi, lakini Mungu alipogawa besi tulikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Usitazame viatu.

Babu yako


Shuleni
9 Septemba

Babu,

Shikamoo. Siku ya wazazi imepita. Wimbo uliimbika. Pembe tuliazima kwa skauti, ikafaa. Sista ameshukuru. Chakula kilitosha. Mtihani wa hisabati ni wiki ijayo.

Babu, beti za zamani zilisemaje?

Karani

Jirani amehamia dawati la nyuma.


Dukani
17 Septemba

Karani,

Mimi ni fundi. Mtu akiniletea suruali nasema palipofumuliwa na kushonwa upya, hata kama uzi ni wa rangi ileile. Wewe uliyezoea kurasa nne umeniletea mistari sita, na kati yake umeniwekea hesabu na chakula. Umeugua? Wamekucheka? Ulitazama viatu?

Beti za zamani hazikuwa na maana. Mambo ya viazi na ng'ombe.

Huku kwetu kicheko ni kimoja. Paroko mpya anasoma nia za Misa neno kwa neno, kila kilichoandikwa kwenye fomu, hata safu ya uhusiano. Jumapili yule seremala aliyefiwa na kuoa tena aliandika, naye Paroko akasoma kwa sauti ileile ya Injili: "Marehemu, mke wa kwanza, alikuwa mkali." Mke wa pili alikuwa benchi la mbele. Katibu wa parokia sasa anamwomba kila mtu aandike neno moja tu.

Niambie kilichotokea.

Babu yako


Shuleni, maktaba
25 Septemba

Babu,

Shikamoo. Nilikudanganya kwa kukatisha. Sasa nitasema yote.

Jirani alikuja na bibi yake. Umri wake unakaribiana na wako, mwembamba, amenyooka kama sindano. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzee kuliko wageni wote, walimpa trei ya mishumaa aibebe kwenye maandamano ya matoleo. Mimi nilikuwa mbele, naongoza. Ngoma ikapiga tatu. Kikaja kimya. Kilikuwa kimya kizuri sana, Babu, kama ulivyotaka. Tulikifanyia mazoezi wiki mbili. Ndani ya kimya hicho nikasikia trei inawekwa sakafuni. Haikuanguka. Iliwekwa. Kisha pembe ikaingia, na yule bibi akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akageuka, akatembea katikati ya kanisa mpaka nje.

Tuliendelea kuimba. Mkono uliokuwa unaongoza ni wangu.

Baada ya Misa nilimkuta kwenye karo la kufulia, amekaa ukingoni, Jirani anampepea kwa karatasi ya Misa. Nikapiga goti nikaamkia. Akaitikia. Akauliza, "Wewe ndiye wa mlimani?" Nikasema ndiyo. Akaichukua karatasi kwa Jirani, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa "wimbo wa mavuno", akaniuliza, "Mavuno ya nini, mjukuu wangu?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Alisema, "Mama yangu alitufundisha mdundo huo kwa kugonga sufuria. Tatu, kisha kimya. Mkiusikia, msichukue chungu, msimtafute mbuzi, msiulize ni nani. Kimbieni wakati wa kimya. Kwa sababu baada ya kimya ni pembe, na pembe ikilia wameshafika." Akasema wao watoto waliugeuza mchezo, wa mwisho kufika mlangoni ndiye anayekamatwa. Hakuwahi kuusikia ukipigwa kweli mpaka siku ile. Kanisani. Akiwa amebeba mishumaa.

Jirani hakunitazama. Siku ya pili alihamisha vitabu vyake.

Babu, maktaba yetu ina kitabu kimoja tu chenye habari za kwetu. Kinasema, "Watu wa mlimani walijulikana kwa uhodari wao." Mwaka jana nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo kwa penseli. Nimekwenda kuufuta. Unaonekana bado.

Nimeungama. Padre wa shule alisema asiyejua hana hatia. Lakini sasa najua, na jana nikiwa nafua nilijikuta nauimba, tena na kimya chake. Nikaacha. Nikaanza tena bila kupenda. Wimbo huo ndio nilioimbiwa siku nabatizwa. Nikiwa na huzuni hapa bwenini ndio ninaoufikiria, na ninajisikia sina upweke, nina watu. Je, ni dhambi kuupenda?

Na je, ni kweli?

Karani


4 Oktoba

Mjukuu wangu,

Nilikupeleka shule usome, sikukupeleka uje kunihoji.

Ndiyo, zamani kulikuwa na vita. Nani hakuwa na vita? Hao wa ng'ambo unafikiri walikuwa wanakaa wanasali rozari? Nao walikamata, nao waliuza, kila mtu alifanya alichoweza. Sisi tuliweza zaidi, ndiyo kosa letu. Leo msichana wa kidato cha tatu, kwa kuwa bibi mmoja ameshikwa na kizunguzungu kanisani, anataka kuja kuwafukua babu zake na kuwaweka kizimbani.

Kwa wimbo huo baba yangu alibatizwa. Kwa wimbo huo nilioa. Mawe ya kanisa letu yalipandishwa mlimani kwa wimbo huo, watu wamejipanga kuanzia mtoni, hakuna aliyelazimishwa. Miaka arobaini napinda mapindo ya kanzu za mapadre na kufundisha watu wasiojua kusoma sauti nne. Hiyo nayo ni historia. Mbona hiyo hukuipigia mstari?

Usiniandikie tena habari hii.

Babu yako


Shuleni
10 Oktoba

Babu,

Shikamoo. Samahani, naandika tena. Ukitaka usiijibu, ila isome mpaka mwisho.

Uliyosema kuhusu mawe ya kanisa ni kweli, na ninayapenda mawe hayo. Sitaki kumweka mtu kizimbani. Babu zako ni babu zangu. Kama ile besi ni yangu, na yale mengine ni yangu. Siwezi kuchagua kama anayechambua mchele.

Jirani amenisemesha. Alikuja na wino wangu aliouazima Julai, akasema, "Chukua wino wako, mimi si mwizi." Nikasema, "Sijasema wewe ni mwizi." Akasema, "Najua. Nilikuwa natafuta cha kusemea." Tukacheka kidogo, kisha akanipa ujumbe wa bibi yake.

Bibi yake haombi wimbo uachwe. Anaomba jambo moja. Mama yake alikuwa na dada mkubwa, aliyechukuliwa njiani akitoka kuteka maji, mtoto mgongoni. Alikuwa na mwanya na alikuwa anacheka sana. Hakuna aliyejua alifikia wapi. Mama yake aliuliza mpaka anakufa. Bibi anasema alisikia kwamba watu wa mlimani walikuwa wanaweka safari zao ndani ya nyimbo. Anauliza kama beti za zamani zinamtaja.

Nilimwambia Jirani beti zimesahaulika, kwa sababu ndivyo ulivyoniandikia. Kama zimesahaulika kweli, basi.

Lakini mara ya kwanza uliandika zimesahaulika, na mara ya pili ukaandika ni za viazi na ng'ombe. Kitu kilichosahaulika mtu hajui kina nini ndani.

Nakupenda, Babu. Hili nalo sikuliandika nikitazama viatu.

Karani


Nyumbani
17 Oktoba

Mjukuu wangu,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Babu yako ana nini? Tangu barua yako ya mwisho hali vizuri. Amefungua duka siku tatu na hajashona kitu. Jana nimemkuta amefumua kola ya shati la mwalimu mkuu, ameishona, ameifumua tena. Nikamuuliza, shati limekukosea nini? Akasema, nyamaza, mama.

Nimeishi na mtu huyu miaka hamsini na miwili. Anaficha sigara kwenye kopo la vifungo, anadhani sijui. Kitu kingine anachokificha sikijui, ila najua kipo. Usingizini anaimba maneno ambayo kanisani hayamo.

Juzi alikwenda kuungama. Alikaa ndani muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunong'ona kwamba fundi lazima ameua mtu. Alitoka macho mekundu, akapita pembeni yangu kama hanijui, akarudi, akanishika mkono mbele ya watu. Mbele ya watu! Nikaona aibu kama msichana.

Kama umemwandikia la kumuumiza, muombe radhi. Kama umemwandikia la kweli, basi usimuombe.

Bibi yako
(mke halali, wachumba nawaona tu)


Dukani
20 Oktoba

Karani,

Marahaba.

Sikuzisahau.

Babu yangu alikuwa mpiga pembe. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye mgonjwa, haamki kitandani. Aliniita kila asubuhi akanifundisha beti, na nikikosea anaanza upya. Nilipozijua zote akasema, "Usiziimbe. Usizisahau." Akafa wiki ileile. Miaka sitini na minane nimeishi kati ya maneno hayo mawili. Aliyemwambia Padre wa kwanza kwamba ni wimbo wa mavuno ni baba yangu. Mimi nimelirudia kwa kila Paroko, na kwa Askofu, na kwako.

Beti ni za safari moja. Kila beti ni mtu. Beti ziko kumi na nne. Watu hao hawana majina, kwa sababu hakuna aliyewauliza majina. Wamepewa la kuwatambua njiani. Msuka Mikeka. Kigugumizi. Mzee wa Fimbo Mbili. Ndugu Wawili Wasioachiana Mikono, hao beti moja. Mwenye Kovu la Shavu. Msichana wa Shanga. Na wengine, nimewaandika wote kwenye karatasi iliyomo humu, upande usio na kanzu.

Beti ya sita inasema:

Mwenye Mwanya anacheka, mtoni anacheka,
mtoto mgongoni, mlimani anacheka,
penye jiwe jeupe ameketi,
twamwita apande, hapandi tena.

Beti ya saba inaanza na mtoto. Amebebwa na Msuka Mikeka. Baada ya hapo wimbo hauwasemi tena hao wawili, na mimi sijui zaidi ya wimbo.

Jiwe jeupe unalijua. Ulikuwa unapumzika hapo ukitoka kuchota maji. Mimi pia.

Nimemwambia Padre yote haya. Kitubio alichonipa ni Salamu Maria tatu. Nikamwambia, "Padre, nimebeba miaka sitini na minane, unanipa tatu? Ongeza." Akasema, "Fundi, kitubio si kitambaa, hakipimwi kwa upana wa mabega." Halafu akaniuliza, "Hao watu, mara ya mwisho kuombewa ilikuwa lini?" Wimbo huo tumeuimba kila Jumapili juu ya vichwa vyao, hatujawahi hata mara moja kuwaombea.

Uliniuliza kama ni dhambi kuupenda. Nilimuuliza na hilo. Akasema hajui, ataenda kusoma. Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi nitakwambia ninachokijua, ni kidogo. Ulipoandika kwamba huwezi kuchagua kama anayechambua mchele nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikaona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachambua, tangu utotoni. Bado naupenda wimbo. Nilichokuwa nakilinda ni kitu kingine, na nilikuwa nimekivalisha kanzu.

Mpe Jirani karatasi ya ndani, ampelekee bibi yake. Usibadilishe neno. Mwambie ni mimi niliyesema mavuno, namwomba radhi, na Siku ya Marehemu Wote tutawaombea.

Babu yako


Ng'ambo
26 Oktoba

Kwa Fundi wa mlimani,

Naandikiwa na mjukuu wangu, nimemwambia aandike nisemavyo, asirembe.

Karatasi imefika. Nilisomewa mara tatu. Kwenye beti ya sita nililia, na mjukuu akataka kuacha, nikamwambia endelea. Kisha nikacheka, akadhani nimechanganyikiwa. Mama alikuwa anatuambia dada yake alikuwa akiogopa anacheka. Nyoka akiingia ndani, anacheka. Hawakumjua hao waliomwimba. Walidhani anafurahi.

Umeniomba radhi. Sijui nifanye nini nayo. Si wewe uliyemchukua, na mimi siye niliyechukuliwa. Nimeiweka kwenye sanduku la nguo zangu, pamoja na karatasi yako. Siku nikijua nitakwambia. Lakini kwamba uliuweka ukweli kichwani miaka yote bila kupunguza hata mtu mmoja, kwa hilo nakushukuru. Ungesahau, leo nisingejua jiwe jeupe.

Jina lake kwetu lipo. Mjukuu ameliandika kwenye kipande cha pembeni, si la kuzurura kwenye barua. Mkimwombea, mwiteni kwa hilo. Mtoto hakuwa amepewa jina bado. Mwiteni wa Mgongoni.

Tarehe mbili Novemba, siku hiyo ya marehemu, nitakuja, dereva wenu akinipa kiti cha mbele. Imbeni. Ila ngoma ibaki stoo. Kwa umri huu siwezi kukimbia.

Mimi, bibi wa Jirani

Fundi, shikamoo, mimi Jirani ndiye mwandishi. Bibi anasema pia jiwe hilo anataka kuligusa. Hakutaka niandike hivyo.


Dukani
4 Novemba

Karani, mchumba wangu,

Marahaba ya mbele. Nakuandikia mambo kwa mpangilio, maana ulitaka kuwepo na mtihani haukukuruhusu.

Kwanza nilikwenda ofisini kwa Katibu wa parokia na majina yangu kumi na manne, la kumi na nne likiwa la kweli na mengine ya kupewa. Akaanza, "Fundi, Kigugumizi si jina la Kikristo." Nikamwambia hakuwa Mkristo, alikuwa amefungwa kamba. Akaandika. Akafika safu ya uhusiano. "Hawa ni nani wako?" Nikasema acha wazi. Akasema safu tupu haipokelewi, andika neno moja. Wewe unajua kuna baba, mama, mke, rafiki, jirani. Nilishika kalamu yake mpaka akaanza kupanga faili. Nikaandika neno moja. Mara kumi na nne, kwa sababu hataki alama za kurudia.

Nilisahau Paroko anasoma kila kitu.

Kwaya imegawanyika, ujue. Nilipowasomea beti, mpiga ngoma aliweka vijiti mezani akasema nimeuza mlima mzima kwa bibi mmoja. Besi watatu wameondoka naye. Mwenyekiti wa kwaya hanisalimii, na suti yake ya jubilei bado iko kwangu, upande mmoja umeshonwa na mwingine una pini. Tuone nani atachoka kwanza. Waliobaki walifanya mazoezi wiki nzima bila ngoma, na ilikuwa taabu, maana miguu ilikuwa inapiga yenyewe sakafuni.

Bibi wa Jirani alifika saa mbili asubuhi, kiti cha mbele. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nimeyaandika, nimeyakariri. Alishuka akanitazama juu mpaka chini akasema, "Ndiwe Fundi? Mbona kitufe chako kimelegea?" Kweli kilikuwa kimelegea. Nikakishika. Tukaenda wote mpaka jiwe jeupe, Bibi yako amemshika mkono. Aliligusa, akaketi juu yake, akasema lina baridi. Bibi yako alivua mtandio wake akamtandikia.

Kanisani alikaa benchi la pili. Tukaimba beti za zamani mwanzoni mwa Misa, hatukungoja matoleo. Pale pa kimya tulinyamaza, na nilimwona mikono yake iko mapajani, vidole vimekunjwa, lakini haikupanda masikioni.

Kisha zikasomwa nia. Paroko alisoma za wengine, baba wa fulani, mama wa fulani. Akafika zangu. Akaona neno nililoandika, akanitazama, nikatazama viatu. Ndiyo, mimi. Akasoma.

"Msuka Mikeka. Tulimchukua."

Nilisikia nta ikidondoka.

"Kigugumizi. Tulimchukua. Mzee wa Fimbo Mbili. Tulimchukua."

Sasa unajua yule katekista mstaafu, yule asiyesikia vizuri, anayesinzia nyuma karibu na mlango. Aliamka katikati ya majina, akasikia Padre anataja mmoja, anapumua, anataja mwingine, akadhani tuko kwenye Litania ya Watakatifu. Akaitikia kwa sauti yake yote:

"Utuombee!"

Na watu wetu, Karani, midomo imezoea. Benchi la nyuma likamfuata. Nilisikia aibu imenipanda kichwani. Sisi ndio wa kuwaombea, tunawaombaje wao? Paroko alisimama. Nilidhani atasahihisha. Aliweka kidole kwenye karatasi asipoteze mstari, akaendelea.

"Ndugu Wawili Wasioachiana Mikono. Tuliwachukua."

"Mtuombee," kanisa likasema. Hakuna aliyeongoza, wakaibadilisha wenyewe ili iwafae wawili.

Mwenye Kovu la Shavu. Msichana wa Shanga. Kila mmoja kanisa linaitikia, na kila mara sauti inazidi, hata ya mwenyekiti asiyenisalimia niliisikia, hiyo teno yake iliyopinda siwezi kuikosea. Wa Mgongoni. Hapo wanawake ndio waliosikika.

Akabaki mmoja. Paroko alilitaja jina lake la kwao, taratibu, kama alivyofundishwa na bibi wa Jirani asubuhi ile kwenye sakristia, akasema, "Tulimchukua." Na kabla hatujaitikia, kwenye benchi la pili bibi yule alisimama, amenyooka kama ulivyoniandikia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesahihisha fomu:

"Mama mkubwa wangu."

Tukangoja aketi. Hakuketi. Ndipo tukasimama wote, tukaitikia.

Babu yako


Nimeambiwa na Padre kwamba bado anasoma kuhusu swali lako.